Soli za Tairi za Mwalimu Hanne

Nimeacha kazi ya kushona viatu mwaka huu, na kabla sijasahau mambo nimeona niyaandike. Sijui kama naandika sawasawa. Shule niliachia darasa la saba, na Mama Nekesa, mke wangu, anasema mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyekanyaga wino. Lakini tangu ujana nimekuwa na tabia ya kuweka daftari la viatu. Si la hesabu. Ninaandika kiatu gani kimekuja, kinaumwa wapi, na mwenyewe alisema nini akingoja. Kwa hivyo haya ninayosema mengi nimeyatoa huko. Pale nitakapokosea ni kichwa changu, daftari halina makosa.

Nawaandikia nyinyi mafundi wadogo wa Kitale, na zaidi Nafula, ambaye sasa anakaa kwenye kiti changu. Sababu yenyewe ya kuandika nitaisema mwisho, kwa maana inanitia aibu kidogo.

Mimi ni mtu wa Matulo. Kazi nilijifunza Bungoma, nyuma ya soko, kwa Mzee Wafula, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Siku ya kwanza sikushika kiatu. Alinipa uzi na kipande cha nta, akaniambia nisokote uzi kwenye paja mpaka aseme basi. Hakusema basi. Jioni nilikwenda nyumbani paja limechubuka kama nimekwanguliwa na msasa. Siku ya pili nikabeba chuma cha kugongea, kile cha miguu mitatu, kutoka kwa kivuli hadi kwa kivuli, jua likisogea. Siku ya tatu ndiyo alinipa shazia, ile sindano nene ya mpini wa mti, na kabla ya saa nne ilikuwa imeingia kwenye kiganja changu.

Mzee Wafula akatazama damu, akatazama kiatu kama kimechafuka. Hakikuwa kimechafuka.

"Sasa umeanza kazi," akasema.

Kiatu cha kwanza nilichoshona peke yangu kilikuwa cha mama mmoja wa Misikhu aliyeuza nyanya. Mishono ilikuwa imejipanga vizuri mpaka nikakiinua juu watu wakione. Mama alipojaribu kuvaa, mguu ukakataa kuingia. Nilikuwa nimeshona juu na chini pamoja.

"Hiki si kiatu," Mzee Wafula akasema. "Lakini ni mfuko mzuri."

Nilifungua ule ushonaji wote mama akiwa amekaa pale anacheka, na niseme haki yake, hakunung'unika hata kidogo. Aliniachia nyanya tatu.

Sasa nije kwa jambo ambalo Mzee Wafula alinifundisha na ambalo ndilo shina la hadithi hii. Alikuwa na sheria moja: kiatu ukikipokea, king'oe. Mteja akikwambia hapa mbele pameachia kidogo, wewe shika soli, vuta yote, iweke chini. Hapo hawezi tena kusema ngoja nifikirie, ama niulize yule fundi wa ng'ambo ya barabara. Kiatu kisicho na soli hakiendi kwa fundi mwingine. Mafundi wote niliowajua walifanya hivyo, na mafundi wa nguo nao hukata kitambaa kabla hujamaliza kusema unataka mkono mrefu au mfupi. Mimi sikuona ubaya wake. Kusema kweli niliona ni akili.

Kazi ngumu nilizipata mapema. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja ambaye viatu vyake vilikuwa vinalia akitembea, kwii, kwii, kama mlango wa choo. Aliniletea visigino vimeisha. Nikatengeneza visigino, na kwa bidii yangu nikatengeneza na ile sauti, bila yeye kuniomba. Nilitia unga wa mtoto chini ya ngozi ya ndani, nikagonga misumari midogo miwili, kimya. Wiki iliyofuata alirudi amekasirika.

"Fundi, ulifanyia nini viatu vyangu?"

"Vilikuwa vinalia, Mwalimu. Nikavinyamazisha."

"Nani alikutuma? Vikilia, wanafunzi wananisikia nikiwa mbali, wanakaa vizuri. Sasa nafika darasani ghafla nakuta mambo ambayo sitaki kuyaona. Rudisha sauti."

Kurudisha sauti kulinichukua siku mbili. Kutengeneza kiatu kilie ni kazi kuliko kukinyamazisha, na hakuna mtu wa kukufundisha. Ningetakiwa kujifunza kitu hapo, lakini sikujifunza. Niliandika tu kwenye daftari: *mwalimu mkuu, sauti imerudi, ameshukuru.*

Baadaye nilihamia Kitale, nikapata mahali karibu na stendi, mabati mawili juu na ukuta wa duka nyuma. Kutoka kwa kiti changu, asubuhi kama hakuna mawingu, niliuona Mlima Elgon wote. Niliuona kila siku miaka yote hiyo na sikuwahi kuupanda. Watu wetu wanapanda mlima wakitafuta ng'ombe aliyepotea, ama wakienda kwa jamaa anayeishi huko juu. Mimi sikuwa na ng'ombe wa kupotea.

Kitu cha muhimu kwenye kibanda cha fundi ni kiti cha mteja na patipati. Mteja akivua kiatu lazima umpe kitu cha kuweka miguu asikanyage vumbi. Zangu zilikuwa moja ya bluu na moja nyekundu, na zote za mguu wa kushoto, sijui za kulia zilikwenda wapi. Mtu akishavaa hizo hana heshima ya kujificha nyuma yake. Awe karani, awe mhubiri, anakaa pale na vidole vinachungulia, na mdomo unafunguka wenyewe. Nimesikia mambo kwenye kile kiti ambayo hata kwenye daftari sikuandika.

Hapo ndipo alipokaa Mwalimu Hanne.

Alikuwa anatoka Denmaki, akafundisha hesabu kwenye shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji, kwa miaka mitatu. Kiswahili chake alijifunza kwa kitabu kabla ya kuja, kwa hivyo kilikuwa safi kuliko chetu, na watu walimcheka kwa sababu hakuna mtu Kitale anasema "tafadhali naomba kuuliza" kabla ya kuuliza bei ya kabeji. Mara ya kwanza alileta kamba za viatu tu. Mara ya pili alileta malalamiko, viatu vikiwa kisingizio.

"Fundi, leo watu watatu wameniambia nimenona. Mmoja ni mwalimu mwenzangu. Nimewakosea nini?"

"Hujakosea, Mwalimu. Wanafurahi. Wanaona umekula, huna mawazo."

"Kwetu ukimwambia mtu hivyo, hamtaongea tena."

"Basi kwenu mtu akikonda mnamwambia nini?"

Alifikiria. "Tunamwambia anapendeza."

Nikaacha kushona kidogo. "Pole," nikasema, na tukacheka wote wawili.

Alikuwa na mengi. Maji yalikuwa yanakuja siku anayokuwa kazini na kukatika siku anayokuwa na nguo za kufua. Kwenye ofisi moja ya karatasi zake za kuishi nchini alikwenda mara nne akaambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo, na muhuri aliuona pale mezani kwa macho yake. Jirani yake alikuwa na jogoo asiyejua saa. Watoto walimsindikiza hadi nyumbani kila siku wakimwuliza hali yake kwa Kiingereza, na akijibu wanamwuliza tena upya. Aliyasema haya bila uchungu, kama mtu anayehesabu vidole vyake kuona kama vyote vipo.

Niwe mkweli, hata sisi alitusumbua, na mimi alinisumbua zaidi. Fundi akisema kesho, watu wote wanaelewa. Kesho ni neno la kumwondoa mtu vizuri. Yeye aliniuliza, "Kesho saa ngapi?"

Miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema saa nane, kwa kubahatisha, na saa nane kamili nikamwona amesimama mbele yangu, na kiatu kiko vilevile alivyokiacha. Nilijisikia vibaya mpaka nikamshonea akiwa amekaa. Lakini pia nilijiuliza, nimefanya kosa gani? Nilisema kesho, na ilikuwa bado ni kesho. Hata leo sijui nani alikuwa na haki zaidi. Labda yeye.

Furaha yake ilikuwa mlima. Kwao, alisema, nchi imelala kama meza, na mtu akitaka kuona mbali anapanda ngazi za kanisa. Kwa hivyo kila likizo na kila wikendi ndefu alikwenda Elgon, na Jumatatu aliniletea viatu vya ngozi, vizito, alivyotoka navyo kwao, niviondolee matope na kuvipaka mafuta. Mimi nikaanza kuujua mlima kwa kupitia soli zake. Udongo mwekundu ulikuwa wa chini, mashambani. Vijiti vyembamba vya njano vilikuwa vya mianzi. Halafu, akifika juu sana, kulikuwa na udongo mweusi, laini kama chai iliyobaki kwenye chujio, na mbegu ndogo zenye manyoya ambazo sikuwahi kuona penginepo. Nilikuwa nazitoa kwa ncha ya shazia na kuziweka kwenye kikopo. Mama Nekesa alinikuta nazo akauliza ni dawa ya nini.

Kwa miaka hiyo mitatu alikuwa amefika karibu na kilele cha upande wetu mara tatu, na mara zote mvua ilimrudisha. Kisha muda wake ukaisha. Alikuwa aondoke Alhamisi inayofuata, na Jumamosi alikuwa amepangiwa kupanda mara ya mwisho na askari wa mbuga anayeitwa Ndiwa, kwa maana huko huwezi kwenda bila askari mwenye bunduki. Mkataba umeisha, shule imefungwa, karatasi zimeisha. Hakuna nyingine baada ya hiyo.

Alikuja siku mbili kabla ya kupanda, Alhamisi asubuhi. Akakaa, akavaa patipati, akanipa kiatu cha kulia.

"Fundi, hapa mbele pameachia kidogo tu, naomba unitie..."

Hakumaliza. Mkono wangu ulikuwa umeshashika soli na kuvuta. Sikufikiria. Ni kama unavyokamata kikombe kinapoanguka. Soli ikatoka, na nilipoigeuza niliona haitoki kama soli inavyotoka. Ilikuwa inabomoka. Sehemu ya katikati, ile laini iliyo kati ya ngozi na mpira, ilikuwa inaanguka vipande vipande kwenye magoti yangu kama ugali wa juzi. Kwa woga nikachukua cha kushoto nikajaribu kwa kidole tu. Kikabomoka pia.

Siku hiyo ya Alhamisi, Kitale nzima hakukuwa na soli ya namna hiyo, na viatu vingine vya mguu wake havikuwepo, kwa maana Mwalimu Hanne alikuwa na mguu mrefu na mwembamba kama mwiko.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitazama zile chembe kwenye magoti yangu, akasema polepole, "Fundi. Kwa nini hukuuliza?"

Nilianza kusema kwamba vilikuwa vimeshakufa ndani, kwamba vingemwachia huko juu kwenye mawe, na hilo nadhani ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba aliingia kwangu na viatu akaniambia tia gundi kidogo, na sasa hana viatu. Ningetia gundi, labda vingefika na kurudi. Labda visingefika. Nimegeuza jambo hili kichwani mara nyingi na sijui kama niliviua ama niliviokoa. Nilichojua siku ile ni kwamba kama hangepanda, ingekuwa ni kwa mkono wangu.

"Kesho nitakuwa nimevitengeneza," nikasema.

Alinitazama. Nikaongeza mwenyewe, "Kesho saa kumi jioni."

Nilifunga kibanda saa tano asubuhi, watu wakaniuliza kama kuna msiba. Nikaweka viatu kwenye gunia nikaenda Bungoma kwa Mzee Wafula. Alikuwa ameshaacha kazi zamani, amekaa nje ya nyumba yake anachambua maharagwe. Nikamwonyesha. Akaingiza kidole kwenye kile kitu kinachobomoka, akakinusa.

"Hii nilikuwa sijaiona," akasema. "Nani aliing'oa?"

"Ni mimi."

"Alikuambia ung'oe?"

"Hapana. Wewe ndiye uliniambia."

Nilisema hivyo nikajuta, kwa maana kumwambia mzee maneno hayo si adabu. Lakini hakukasirika. Aliendelea na maharagwe kidogo.

"Ndiyo, mimi nilikuambia," akasema. "Barasa, nikwambie kitu. Mimi nilikuwa naogopa kuuliza. Nikiuliza, mteja atasema hapana, ataenda. Nilikuwa na watoto saba. Nikang'oa, nikang'oa, mpaka nikasahau kwamba ni woga. Nikakufundisha kama ni kazi."

Kisha akainuka, akaingia nyumbani, akatoka na kipande cha tairi.

Nyinyi vijana mnajua kushona akala, vile viatu vya tairi, lakini tairi si tairi tu. Ya lori ni ngumu, mguu hauwezi kujikunja. Ya pikipiki ina mgongo wa mviringo, mtu atatembea kama yuko kwenye mashua. Mzee Wafula alikuwa ameweka kipande cha tairi la gari dogo lililotumika nusu, ambalo meno yake yalikuwa bado marefu lakini mpira umeshalainika. Tulichonga ile sehemu iliyooza yote mpaka tukafika kwenye ngozi nzuri. Katikati tukaweka tabaka mbili za mpira wa patipati mpya, ili mguu usigongwe na mawe. Gundi pande zote, tukangoja ikauke mpaka ukiigusa haikushiki, hapo ndipo unabandika. Gundi ikiwa mbichi ni uji tu. Halafu uzi, mara mbili kuzunguka, wenye nta. Yeye hakuona tundu la sindano tena, kwa hivyo alisokota uzi kwenye paja lake, nami nikashona. Tulimaliza Ijumaa saa sita. Nyuzi za mzee hazikukatika hata moja.

Saa kumi kasorobo nilikuwa nyumbani kwa Mwalimu Hanne. Aligeuza kiatu, akaona meno ya tairi.

"Fundi, hili ni gari."

"Ni nusu ya gari, Mwalimu."

Akavaa, akapanda na kushuka ngazi za mlango mara nyingi. Vilikuwa vizito kuliko vya kwanza, na niliona anajaribu kutolionyesha hilo, nikamshukuru. Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikasema nitakwenda naye.

"Unakuja kunilinda mimi ama kulinda viatu?"

"Viatu. Wewe una Ndiwa."

Nyumbani Mama Nekesa alinitazama nikiweka shazia, uzi, gundi na ile nyundo ndogo kwenye mfuko.

"Baba Nekesa, umri huu unapanda mlima kufuata kiatu?"

"Nimekiharibu mimi."

"Basi beba sweta," akasema. Akaninong'oneza nisimwambie mtu, maana watamcheka yeye.

Gari lilitufikisha mwisho wa barabara Jumamosi, tukatembea, tukalala kwenye hema, tukaanza tena asubuhi. Ninawaomba msamaha, siwezi kueleza mlima vizuri, kwa sababu saa za mwanzo sikuuona. Nilitembea nyuma ya Mwalimu Hanne nikitazama visigino vyake. Kila akikanyaga jiwe, moyo wangu ulikuwa unakanyagwa. Nilikuwa na gumbuti za shamba, na kichwa kilianza kuuma kama nimefungwa mkanda. Tulipita mianzi nikaijua kwa vijiti vya njano. Tukafika kwenye udongo mweusi nikaujua, nikainama nikaushika, ukawa baridi. Ndiwa akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Fundi," Mwalimu akasema bila kugeuka, "inua kichwa."

Nikainua. Zile mbegu za manyoya nilizokuwa naziweka kwenye kikopo zilikuwa zinatoka kwenye mimea iliyosimama kote, mirefu kuliko mtu, mikubwa kama kabeji zilizopandishwa juu ya nguzo, na umande umeganda juu yake unang'aa. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Miaka mitatu nilikuwa natoa mlima kwenye soli kwa ncha ya sindano bila kujua ni kitu gani.

Kiatu kilichoachia kwanza hakikuwa cha Mwalimu. Kilikuwa cha Ndiwa. Buti lake la kazi lilifungua mdomo kwenye jiwe, tukasikia. Akataka kufunga na kamba aendelee. Nikamwambia kaa. Nikatoa kwenye mfuko ile patipati ya bluu na ile nyekundu. Sijui kwa nini nilizibeba, ni mazoea tu. Ndiwa, mtu mrefu, bunduki mgongoni, barafu nyembamba kwenye majani, akavaa patipati mbili za mguu wa kushoto akakaa juu ya jiwe.

"Fundi, ukimwambia mtu yeyote chini," akasema.

"Sasa niambie," Mwalimu Hanne akamwuliza, "kazini kwako kitu gani kinakuudhi zaidi?"

Na kweli, akiwa na zile patipati miguuni, mdomo ukafunguka. Akasema juu ya mkubwa wake, juu ya mvua, juu ya watalii wanaomwuliza kama bunduki ni ya kweli. Nilimaliza kushona yeye bado anaongea.

Karibu na kilele, mawe tupu, Mwalimu alisimama akainua mguu wa kulia. Mbele, pale pale palipoachia mwanzo, gundi ilikuwa imefunguka upana wa kidole. Uzi ulikuwa umeshika. Kilele kilikuwa pale, labda mwendo wa kumwimbia mtoto nyimbo mbili, na mawingu yalikuwa yanapanda kutoka upande wa Uganda. Akakaa, akaweka mguu kwenye goti langu. Mkono wangu ukashika soli. Nilihisi vidole vikijikunja kuvuta, naapa, kama vidole vya mtu mwingine.

Nikavifungua. Nikasema, "Mwalimu, unataka niifungue yote nianze upya, ama nipige mishono mitatu tu hapa mbele tuendelee?"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chali kwenye mawe na mguu bado uko kwangu.

"Mishono mitatu, Fundi," akasema. "Tafadhali naomba."

Nikapiga mitano, kwa usalama. Tukafika kabla ya mawingu. Upande mmoja ulionekana uwanda wa Kitale na mashamba yake yamekatwa kama vitambaa, na upande mwingine, mbali, nchi ya Bungoma kuelekea kwetu. Nilitafuta kibanda changu ingawa nilijua hakiwezi kuonekana. Mwalimu Hanne alisimama amenyoosha mikono, upepo unampiga, na hakulalamika juu ya kitu chochote kwa muda mrefu, mpaka Ndiwa akamwuliza kama anaumwa.

Tulipokuwa tunashuka tulikuta askari wawili wa zamu nyingine wameinama njiani, wanatazama matope. Alama za tairi zilikuwa zinapanda mlima.

"Ndiwa, kuna pikipiki imepita huku," mmoja akasema.

"Pikipiki gani hii," mwenzake akasema, "inagusa chini, inaruka, inagusa chini?"

Ndiwa alitazama mbele kabisa, uso mgumu. "Hizi za siku hizi," akasema, "zina mambo."

Mwalimu Hanne aliondoka Alhamisi, akiwa amevaa viatu vile, kwa sababu havikuingia kwenye sanduku. Mwaka uliopita nilipata barua yake. Aliandika kwamba ngozi ya juu imekufa, lakini soli bado, na fundi wa kwao alipoziona alizipeleka dirishani akazitazama sana. Aliandika pia kwamba maji kwao hayakatiki, muhuri unapatikana siku hiyohiyo, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia amenona. Sijui kama ilikuwa ni furaha ama malalamiko. Niliisoma mara nyingi, na nadhani ni vyote.

Sasa sababu ya kuandika. Nafula nimemfundisha miaka minne. Nilimfundisha nta, shazia, tairi, kungoja gundi. Juma lililopita, baada ya kumwachia kibanda, nilipita kama mteja, mara yangu ya kwanza. Kiatu changu cha kanisani kilikuwa kimeachia kidogo kisigino. Nikakaa kwenye kiti cha mteja, nikavaa ya bluu na nyekundu.

"Nafula, hapa nyuma pameachia kidogo tu, nilikuwa naomba..."

Soli yote ilikuwa mkononi mwake. Aliiweka chini vizuri, kama nilivyokuwa naweka mimi.

Nilikaa pale na vidole vinachungulia, nikafikiria miaka minne yote. Vitu vyote nilimwambia, na hicho kimoja sikukumbuka kumwambia, kwa maana yeye hakujifunza kwa masikio, alijifunza kwa kunitazama. Yale ya viatu yalikuwa kumi na moja; nikaona ninunue la kumi na mbili, niandike haya.

"Lini itakuwa tayari?" nikamwuliza.

"Kesho, Mzee," akasema, ameshageukia kiatu kingine.

"Kesho saa ngapi?"

Nafula aliinua kichwa akanitazama muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya mbali.